Upande wa Nje wa Geti

Wapendwa, leo nataka kuwarudisha shuleni kidogo. Kaeni vizuri, na wenye watoto wapakateni.

Palikuwa na mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa suti ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa ambao wengi wetu wenye mvi tunao, ugonjwa wa kukumbuka zamani. Kila alipoona watoto wanakuja shule wakiburuta miguu, moyo wake ulirudi darasa la nne, kwa mwalimu wake wa Kiingereza. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti isiyopanda, aliyekagua kucha kila Jumatatu na kuigonga kwa mkono wake mwenyewe ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yao. Ikifika saa moja na nusu, geti alilifunga, na hata mtoto wa diwani alibaki nje. Mkuu alimpenda mama yule kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, na mara nyingine alimkumbuka mpaka macho yakamlowa.

Ni yeye aliyewafundisha lile neno, strictly. Aliliandika ubaoni kwa chaki nyekundu, akawaambia maana yake ni jambo kufanywa bila kulegezwa: halina “lakini”, halina “leo tu”, halina “huyu ni mtoto wa fulani”. Tena akawaonya walitumie mahali pake. Ukisema dawa inywewe strictly kama daktari alivyoandika, umesema vyema. Ukisema unampenda mama yako strictly, utachekwa. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka kidogo, jambo ambalo watoto walilizungumza wiki nzima. Kisha kila mmoja akatunga sentensi yake. Mkuu wetu, wakati huo mtoto wa kaptula yenye viraka, aliandika kwamba geti la shule hufungwa strictly saa moja na nusu. Akapata kumi kwa kumi.

Basi alipopewa shule yake mwenyewe, neno hilo alilipaka kwenye geti kwa herufi kubwa nyeupe. Ikifika saa moja na nusu, kufuli. Aliyechelewa aliandikwa daftarini na mlinzi. Akichelewa mara tatu, alikabidhiwa barua: rudi nyumbani, usikanyage hapa mpaka uje na mzazi. Nidhamu ilikuja, nisimsingizie. Shule ilinyooka, na wazazi wakamsifu mpaka sokoni.

Akaona amwite yule mwalimu wake, sasa mstaafu, aje aone matunda ya kazi yake. Alimpigia simu, akamwomba aje siku ya Ijumaa awaeleze watoto nidhamu ya zamani ilikuwaje. Ijumaa hiyo mkuu alifunga tai, akaagiza chai ya tangawizi na vitumbua, akaketi ofisini kumsubiri. Saa moja na nusu ikapita. Mama ambaye hakuwahi kuchelewa hakutokea. Saa mbili kasorobo, hola. Mkuu akaanza kuingiwa na wasiwasi, labda ameugua njiani, maana umri nao ulikuwa umekwenda.

Ndipo akasikia, kutoka upande wa pili wa ukuta, watoto wakiitikia kwa pamoja, na sauti moja isiyopanda ikiwaongoza. Sauti ile angeitambua hata usingizini. Akatoka mbio.

Nje ya geti alimkuta mama ameketi juu ya tofali, mkoba miguuni, na watoto sita waliochelewa wamekaa chini mbele yake. Basi lake lilikuwa limepata pancha. Aliyekaa karibu naye zaidi alikuwa msichana wa darasa la saba, barua mkononi, macho mekundu. Kwake ilikuwa mara ya tatu, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Mkuu akatoa shikamoo, akaitikiwa, na aibu ikamjaa usoni. “Mwalimu, kwa nini hukumwambia mlinzi wewe ni nani?”

“Nimemwambia. Akanionyesha maandishi yako. Nikamwambia basi, aliache geti limefungwa.”

Mkuu akamgeukia mlinzi amkaripie, lakini mama akamzuia, mlinzi hana kosa. Mkuu akajitetea kwamba yeye hakufanya ila alichofundishwa. Kwa macho yake alimwona mama huyu akifunga geti mwaka mzima bila kumwonea mtu haya. “Sijalegeza hata siku moja,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeonyesha daftari lake.

Mama akamjibu. “Uliniona nikifunga, mwanangu, kwa sababu ulikuwa ndani. Wewe hukuwahi kuchelewa. Ungechelewa hata mara moja, ungejua nilikuwa nafunga nikiwa upande gani.”

Jamani, mnasikia? Ndipo mkuu akakumbuka. Asubuhi nyingi kipindi cha kwanza kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu, na kiranja ndiye aliyewasomea. Miaka yote arobaini aliamini mama alikuwa ofisini anakunywa chai.

“Sikumfungulia mtu,” mama akaendelea. “Kipindi cha kwanza kilikwisha wakiwa nje, na mimi nje pamoja nao. Niliwafundisha, na nilimuuliza kila mmoja kilichomchelewesha. Huyu binti umemwandika mara tatu. Umemuuliza?”

Hakuwa amemuuliza. Mama, kwa robo saa tu, alishajua kila kitu. Msichana anaishi na bibi yake, na bibi hajainuka kitandani tangu Pasaka. Kila asubuhi binti humwosha, humlisha uji, humgeuza ubavu, ndipo ashike njia. Barua ile ya kuja na mzazi ilimtaka amlete mtu asiyeweza hata kuketi. Shule yake ilikuwa imekwisha asubuhi ile, na hakuna aliyejua ila yeye na mgeni aliyepata pancha.

Kilichomuuma mkuu si barua peke yake. Alikuwa amempenda mama yule maisha yake yote, na kumbe alimjua nusu.

Akanyoosha mkono, akaichukua barua kwa msichana, akaikunja na kuitia mfukoni. Akamwambia jioni atakwenda yeye mwenyewe kwa bibi. Kisha akatazama saa. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimebakiza dakika kumi na tano. Akaketi mavumbini na suti yake ya kaki, katikati ya watoto, akamwambia mlinzi, “Funga.”

Mlinzi akafunga.

Sasa ni zamu yetu sisi. Mageti ya kanisa hili yana maandishi mengi, na sisemi tuyafute. Yako mambo yasiyolegezwa. Lakini tunapenda sana kuwakumbuka wazee wetu wa imani, tunasema walikuwa wakali, enzi zile kanisa lilikuwa kanisa. Wewe unayesema hivyo, enzi zile ulikuwa ndani, siyo? Umewahi kuwauliza waliokuwa nje walimwona nani huko? Na Mungu wetu, tunayemwogopa kwa sababu hufunga mlango, tumewahi kujiuliza akishafunga yeye husimama upande upi?

Mwezi wa tatu tulimsimamisha binti mmoja wa kwaya kwa sababu ya mimba. Baraza la wazee lilikaa, mimi nikiwa mwenyekiti, na barua niliitia sahihi mimi. Sijaja hapa kuutengua uamuzi. Nauliza tu, tangu siku ile ni nani kati yetu aliyekwenda kwao? Wanakwaya? Akina mama? Wazee? Msitazamane. Mimi mchungaji wenu sijakwenda. Napita pale kila Jumatano, na nikifika usawa wa nyumba yao naongeza mwendo.

Leo baada ya ibada sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nakwenda kwao, kwa miguu. Anayetaka kuja, aje.