Watatu wa Nkanyeni na Nyumba Moja

Sogeeni, mnisikilize hadi mwisho, maana nikimaliza sitawapa jibu. Jibu mtanipa ninyi.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sekiete, mlinzi wa banio, ule ukuta unaoyazuia maji ya mto Nkanyeni, alijaliwa sikio: kwa mlio wa maji tu alijua kama mto unapanda au unashuka. Nakijwa, fundi wa faiba, alijaliwa mkono: aliunga uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na mwanga ukapita kana kwamba haujawahi kukatika. Machibya, mtaalamu wa mitambo, alijaliwa subira: aliweza kukaa na mashine kuukuu mpaka akaelewa inasema nini.

Sekiete alipelekwa banioni akiwa kijana, akaambiwa ni kwa muda mfupi. Mkewe, Namsifu, alibaki bondeni kwa sababu ya shule ya watoto. Kila mwisho wa mwezi Sekiete alishuka kuwaona. Siku moja akagundua kwamba chai yake imemiminwa kwenye kikombe cha wageni. Aliinywa, akapanda mlima. Huko juu alizoea kuongea peke yake, kisha akachoka kujijibu mwenyewe, akaacha.

Kazi yake ilikuwa hii. Maji ya banio hupita kwenye lango, yakashuka kwa mfereji hadi kituo cha umeme kilichoko mbali chini. Pale banioni palikuwa na kipimo cha kina cha maji, cha zamani lakini kizima, kilichotuma tarakimu zake kwa waya wa shaba. Sauti ya kipimo kile haikufika mbali. Waya ukirefuka, tarakimu hufifia na kupotea njiani. Wakafunga vifaa vya kuzisukuma mbele, lakini kila masika radi iliupiga waya na kuviunguza vyote. Basi Sekiete akawa ndiye waya. Alisoma kipimo, akapanda kilimani kutafuta mtandao wa simu, akaripoti. Siku nyingine mtandao haukuwepo, akashuka na tarakimu zake moyoni.

Ndipo ikaletwa faiba, uzi wa kioo unaobeba tarakimu kwa mwanga, usiojali radi wala umbali. Nakijwa aliitandaza kwenye magenge yote, akilala hemani. Binti yake alilelewa na bibi. Nakijwa alipompigia simu kutoka kile kilima, Sekiete alisogea pembeni asisikie, lakini upepo ulimletea sauti ya mama akimweleza mtoto wake yeye ni nani.

Machibya alifunga kisanduku kila upande, banioni na kituoni. Kimoja kiligeuza ishara za kipimo kuwa mwanga, kingine kikaugeuza mwanga kuwa ishara tena, na kipimo chenyewe hakikujua kama kuna umbali wowote. Mwanzoni kituoni yalifika makorokocho matupu, kwa sababu kipimo kilikuwa na mwendo wake wa kusema, yaani kasi ya kutuma tarakimu, na hakuna aliyeukumbuka. Machibya alikaa mbele yake akijaribu mwendo mmoja baada ya mwingine, mpaka tarakimu zikaja safi. Hakuwa msemaji. Mara moja tu, wakila, alisema kwamba mama yake alifariki yeye akiwa kazini mbali, na habari ilimfikia mazishi yakiwa yameshakwisha.

Sekiete akaanza kupika kwa sufuria kubwa, ya kuwatosha watatu. Alijua pia kwamba kazi ile ikikamilika, mlinzi hatahitajika tena pale.

"Baba, tukimaliza utakwenda wapi?" Nakijwa alimuuliza.

"Kuna banio jingine, juu zaidi," alijibu. "Wameniambia nijiandae."

Siku moja, kazi ikikaribia kwisha, wanakijiji wa bondeni walikuwa ndani ya mfereji wakizoa tope. Lango liliachwa wazi kidogo ili maji yasaidie kulisukuma tope hilo. Kule chini jua liliwaka. Juu ya banio wingu lilikuwa jeusi, na Sekiete akausikia mto ukibadilisha sauti. Alikimbilia kipimo. Gogo lilikuwa limekibana, na kilikuwa kinasema maji yametulia. Simu haikushika. Gurudumu la kufungia lango kwa mkono lilikuwa limeondolewa mota mpya ilipofungwa pamoja na faiba. Sasa lango lilitii kituo peke yake. Alijifunga kamba kiunoni, akaingia mtoni, akalisukuma gogo mpaka likaondoka. Kipimo kikapanda, kikaanza kusema kweli.

Lakini ukweli ule haukwenda popote, kwa sababu jiwe lilikuwa limeporomoka na kuikata faiba gengeni. Nakijwa aliuona mkato huo akiwa hemani kwake, juu ya genge lilelile. Alishuka kwa kamba, akajifunika turubai, akaunga uzi wa kioo huku maji ya mvua yakimtiririka mgongoni. Vidole vyake havikuteleza. Mwanga ukapita.

Kituoni bado hawakuelewa kitu. Mawasiliano yalipokatika, kisanduku cha pale kilijizima na kujiwasha, kikasahau mwendo wa kipimo. Yakaja makorokocho yaleyale. Machibya alikuwa pale siku hiyo, na wenzake walisema kifaa kimekufa. Yeye alitazama taa ndogo ya kisanduku ikipepesa, akautambua mwendo ule alioushinda kwa siku nyingi, akaupanga upya kwa kumbukumbu. Tarakimu zikasimama mbele yake, na zilikuwa za mafuriko. Alipiga king'ora, akatuma amri juu, lango lijifunge.

Watu wakatoka mferejini wakivutana mikono. Wa mwisho, mama mmoja aitwaye Mbazi, alitoka maji yakiwa magotini. Yangefika shingoni kama lango lingebaki wazi.

Kule juu, Sekiete alikuwa amelowa chapachapa akilitazama lango. Akaliona likishuka lenyewe, polepole, hadi likafunga. Miaka yote aliyoupigia ulimwengu kelele kutoka pale, hiyo ndiyo mara ya kwanza kujibiwa papo hapo. Alikaa kwenye saruji, akalia.

Baadaye meneja wa kituo alitaka kuwazawadia, ila alisema nafasi ni moja: kazi ya kudumu katika chumba cha mitambo, na nyumba moja katikati ya watu, karibu na shule na soko. Wanakijiji waligawanyika. Wapo waliosema bila Sekiete kipimo kingeendelea kudanganya. Mbazi alisema ukweli usiofika haumwokoi mtu, na aliyeufikisha ni Nakijwa. Wengine wakasema umefika, ndiyo, lakini bila Machibya nani angeuelewa?

Wakawauliza wenyewe. Nakijwa alisema apewe mzee Sekiete. Machibya aliendelea kukunja nyaya zake. Sekiete akasema:

"Nyumba ninaitaka, sitawaficha. Ila sijui kama nimeistahili au naihitaji tu. Na hawa wenzangu, nikiwatazama, naona nao hawajui."

Meneja akaushika ufunguo wa nyumba mkononi, na mpaka leo hajaukabidhi kwa mtu.

Basi ninyi mliosikia yote: sikio, mkono na subira, kimojawapo kingekosekana, watu wale wangezama. Je, ungekuwa wewe umeushika ufunguo ule, ungempa nani? Na wale wawili watakaokosa ungewaambia nini wakati wanafunga mizigo yao?