Mche Mmoja, Miteremko Mitatu

Usinikunjie pua kabla sijaanza. Unasema mmea hauwezi kushika mlima? Wewe umewahi kulala katika nyumba inayoteleza? Basi funga mdomo.

Mghoi, mjane wa milima ya Taita, alikuwa na watoto watatu. Wakesho alisoma lugha za wageni. Mwakio alipanda majabali kama tumbili. Mkamburi, hata kijiti kikavu akikichomeka, kinachipua.

Kila mmoja alijenga kwenye mteremko wake, na kila masika udongo ulizidi kuzivuta nyumba zao. Zamani palikuwa na mmea uliotambaa nje ya kila nyumba, ukiushika udongo. Lakini mwanamke wa heshima kule ni yule ambaye uwanja wake hauna hata jani. Wanawake wakaung'oa, wakafagia, wakasifiana. Mghoi alifagia kuliko wote. Hata jina la mmea likasahaulika.

Wakesho akaukuta katika kitabu cha msafiri wa kale aliyepita kule akichora majani. Akasoma mpaka akajua unapopenda kukaa: nyuma ya maporomoko ya maji.

Mwakio akashuka huko kwa kamba. Akarudi na miche miwili kifuani, na kidole kimoja hana.

Mkamburi akaipanda. Wa kwanza aliugawa vipande vitatu, vyote vikaoza. Wa pili hakuugusa. Aliumwagilia shinani tu, jani lisilowe, mpaka ukachanua.

Sasa masika yameingia. Wamekaa kwa mama yao, mche uko mezani ndani ya sufuria iliyotoboka.

"Bila mimi mngekuwa bado mnauliza majina," akasema Wakesho.

"Kitabu chako kingeshuka jabali?" Mwakio akauinua mkono wake.

"Bila mikono yangu mngekuwa mnazika maiti ya mche," akasema Mkamburi. "Mama, ukuta wangu una ufa. Mtoto analala chini yake."

"Na wangu wanalala wapi, juu ya mti?" akadakia Mwakio.

"Mama, sema wewe!" wakasema wote watatu.

Mghoi akawatazama. Uchungu wa kuwazaa ulikuwa uleule. Ampe nani nyumba, amwachie nani tope?

"Kuwazaa niliweza," akasema. "Hili siliwezi."

Haya, wewe uliyekunja pua, umebaki nao humo ndani. Mche ungempa nani? Sema upesi, maana Mghoi ameshajitanda kanga, ametoka mvuani, na mlango ameufunga.