Nani Aingie kwa Nietiwe

Hapo zamani, na sisemi zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii hii ya kadi za kliniki, Nakijwa wa Ugweno alibeba mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake, Bibi Namsifu, akampigia marufuku mayai, maziwa na nyama.

"Mtoto akinenepa tumboni atakuua, mwanangu. Dada yangu nilimzika hivyo."

Nakijwa akatii. Angefanyaje? Mtoto akazaliwa na kilo moja na nusu, akaitwa Nietiwe. Wanawake wakaja kumtazama, wakafunua khanga, wakafunika upesi. Mmoja akasema, "Haya, Mungu ni mkubwa." Nakijwa alilia siku tatu kwa neno hilo.

Basi ikawa vita ya kumnenepesha. Bibi, kwa majuto, akampikia uji wa karanga na samli asubuhi na jioni. Elinaja, baba mtu, alikuwa amechekwa kilabuni kwamba kazaa panya, kwa hiyo kila siku ya gulio alirudi na soda na maandazi. Kliniki nako, nesi Apaisaria akimtundika mtoto kwenye mizani, akiona mstari wa kadi unapanda, alipiga makofi: "Vigelegele kwa mama Nietiwe! Ongezeni, ongezeni!"

Na Nakijwa? Mtoto akifumba mdomo, mama alimbana pua mpaka aufungue, akammiminia. Alipojua kusema "Mama, nimeshiba," alijibiwa, "Hujashiba, bado vijiko viwili." Bado viwili, bado viwili, mpaka mtoto akaacha kusema ameshiba.

Na alipendeza, jamani! Miaka mitano, mashavu yamejaa, waliocheka wakanyamaza. Miaka kumi na miwili, anahema kupanda kilima cha shule. Miaka ishirini, sukari. Miaka ishirini na saba, sukari, presha, na figo zimegoma.

Daktari akawaita wote kwenye baraza la hospitali, hata Apaisaria aliyekwisha kustaafu. Akasema, "Mtoto akizaliwa mdogo, mwili huwa umezoea kubana chakula kidogo. Akijazwa upesi upesi, mara nyingi unene humganda, na maradhi haya humfuata ukubwani. Si wote. Wengine hupona salama."

Bibi akauliza, "Sasa sisi tulikosea wapi?"

"Sijui, bibi. Hapo siwezi kukata shauri. Ila Nietiwe hamalizi siku hii. Aingie kwake mtu mmoja tu."

Mmoja! Wakasimama wote wanne.

Bibi akasema, "Niingie mimi. Nilimnyima kabla hajazaliwa. Nimwombe radhi, kisha nife."

Elinaja akasema, "Mama, wewe uliogopa kifo. Mimi niliogopa vicheko vya walevi. Mwenye kosa la kipumbavu ndiye aingie."

Apaisaria akasema, "Ninyi hamkujua. Mimi nilisomea. Niliuona mstari unapita kiasi, nikapiga makofi kwa kuwa mlifurahi."

Nakijwa alikuwa wa mwisho. Alitaka kufa yeye, lakini mtu haruhusiwi kufa kwa zamu ya mwenzake. "Ninyi mlileta tu," akasema. "Aliyesikia mtoto anasema ameshiba, akamkatalia, ni mimi. Ni mimi mamaye."

Mlango ukafunguka. Muuguzi wa wodini akatoa kichwa. "Mgonjwa kanituma. Anasema asiingie wa kuomba radhi. Hana nguvu za kumsamehe mtu. Anataka wa kukaa naye tu, amshike mkono, basi."

Nakijwa akajikagua moyoni, akatafuta chochote alichokuja nacho zaidi ya ile radhi, asikione. Akawatazama wenzake, nao macho yao yalikuwa vilevile. Muuguzi akasema, "Fanyeni haraka, jamani."

Haya, mlio na watoto na msio nao, nijibuni, maana mimi nimeshindwa, na mlango bado uko wazi: kati ya hawa wanne, nani alistahili kuingia?