Kipande cha Mtu Aliye Hai

Ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, maji yalipoanza kupungua katika shamba la binti mmoja. Yakawa membamba kama kamba, yakawa tope, kisha basi. Na ilikuwa zamu yake! Nyanya zilikuwa zinatoa maua; zikikosa maji wiki ile, zimekwisha.

Huko milimani, ndugu zangu, shamba la ujamaa lilikufa na mabomba yakaota kutu. Watu wakafufua bwawa lao la udongo na mfereji wake. Maji ni kwa zamu, na kila nyumba ina kipande chake cha mfereji. Baragumu likilia, kila mtu anakwenda kuzibua chake.

Binti huyu, msomi wa chuo kikuu, alirithi shamba na zamu, lakini baragumu hakuliitikia. Enzi za ujamaa babu yake aliingiza ng'ombe wake katika zizi la kijiji, wasirudi tena. Je, tumlaumu binti kwa kuogopa mambo ya pamoja?

"Jirani wa juu ananiibia," alisema moyoni. Tayari asubuhi hiyo mtu mmoja mwenye pampu ya maji alikuwa amemwambia, "Dada, nipe nusu ya shamba nikuvutie maji. Kesho asubuhi naja kuchukua jibu."

Akapanda kumsaka mwizi, akikagua kingo zote za mfereji. Alipofika kwa jirani, akachomeka kidole kwenye tuta la vitunguu. Kavu.

"Ng'oa basi kimoja, mwanangu," jirani akacheka. "Pengine maji nimeyaficha chini."

"Shangazi, mimi sitanii. Maji yangu yako wapi?"

"Hata mimi juzi nilipata tope. Twende ukaone."

Karibu na bwawa, mfereji ulikuwa umeziba kwa majani na udongo. Maji yaliruka ukingo, yakapotelea korongoni.

"Kipande cha nani hiki?"

"Chako."

"Sasa mbona hamkuzibua?"

"Cha mtu aliye hai hatukigusi. Tunamzibulia mfiwa, au marehemu. Kesho baragumu likilia usipotokea, tutakizibua. Ila kwetu utakuwa umekufa."

Ndugu zangu, sisi tulioumizwa na cha wote tumejifunza kulinda. Vema. Lakini macho yetu yako wapi? Ghala letu la mahindi, chama chetu cha akina mama, vikilegea tunauliza nani kala. Mwizi yupo, sikatai. Ila ni nani kati yetu aliyeanzia kwenye kipande chake? Tunachomeka vidole katika matuta ya wenzetu, kisha anakuja mwenye pampu, tunampa nusu ya shamba na kumwita mkombozi!

Na yule binti? Kesho yake asubuhi mwenye pampu alibisha hodi kwenye nyumba tupu. Baragumu halijalia, binti alikwisha kuwa juu, tope magotini, akizibua. Alifika kwenye mpaka, kinapoanzia kipande cha shangazi. Akasimama, akapangusa jembe lake. Pale hakugusa. Shangazi alikuwa hai.