Bawabu wa Ngazi za Sultani

Hapo zamani, mji wa Mwangani ulikuwa na Sultani mnene mwenye subira ndogo, aliyechoshwa na wazee waliokuja barazani kukohoa na kusimulia mambo marefu. Basi akatoa amri: asipande ngazi za baraza ila anayeziweza kwa miguu yake, pasi na kushikwa wala kuegemea kitu. Akatafuta bawabu asiyejua kufikiri, akaletewa Chande, fukara aliyesifika kwa upumbavu.

"Usimtazame mtu uso," Sultani akamwagiza. "Mtazame miguu."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu."

Asubuhi yake akaja Bi Mize, ajuza mwenye mkongojo. Khatibu, mtoto wa kaka yake, alikuwa amemtoa katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, akamtupa kwenye kibanda cha shamba, akidai bibi karukwa na akili. Chande alipoyasikia hayo moyo ukamuuma, lakini amri ni amri. Akampa kigoda chake.

"Keti, bibi. Mwenye baraza hajaingia bado."

"Hata akiingia, mimi nitapandaje?"

"Sijui, bibi. Mimi sifikiri."

Punde si punde Sultani akafika juu ya machela, watumishi waliombeba wametota jasho. Chande akatandaza mikono mbele ya ngazi.

"Wewe bawabu! Hunijui mimi?"

"Uso sikuutazama, bwana wangu. Nimetazama miguu, nayo naiona inaning'inia."

Waziri akafoka, akataka Chande achapwe viboko. Lakini watu walikuwa wamejaa tele, na Sultani akaona haya kulivunja neno lake mbele yao. Akashuka, akaanza kupanda. Alipofika katikati pumzi zikamwishia, akashika ukuta.

"Ukuta, bwana wangu!" Chande akaita. "Itakubidi uanze upya."

Akaanza upya, na mara hii hakufika hata katikati. Watu wakauma nguo zao wasije wakacheka. Ndipo Bi Mize akainuka, akamnyoshea mkongojo wake.

"Chukua, mwanangu. Aliyezijenga ngazi hizi hakuwa na magoti."

Sultani akaketi pale pale, akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Baraza ni hapa chini!" akasema. "Nena, mama yangu."

Khatibu akajitokeza mbio. "Bwana wangu, shangazi kazeeka, maneno yanampotea. Mimi nitamsemea."

"Na mimi ngazi zimenishinda," Sultani akajibu. "Je, nami utanisemea?"

Khatibu akarudi nyuma. Bi Mize akanena mwenyewe, kwa kituo, akikohoa apendapo, wala hakuna aliyemkatiza. Ikawa nyumba ni yake, na amri ya ngazi ikafutwa. Sultani akavua joho lake akamvika Chande, likamfunika mpaka vidole vya miguu.

Jioni ile watu wakamwona Khatibu akirudi kutoka shamba na kitanda kichwani, Bi Mize yuko nyuma yake. Walipofika mlangoni, bibi akamwambia:

"Taratibu, baba, usinikwaruzie ukuta. Nyumba ya watu hiyo."