Ndege wa Chuma Aliyejua Kulia

Paukwa!
Pakawa!
Na anayesinzia?
Asiulize mwisho!

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Nambiza, mkewe Sengo mhunzi. Kijiji chao kilikuwa na sheria moja: ukisikia yowe, tupa jembe, kimbilia linakotoka. Msiba ukitokea, Nambiza ndiye aliyepiga yowe. Alilia mpaka maiti nusura aone haya kwa kufa.

Siku moja koo likamkauka. "Mume wangu, nimewalilia watu wa koo zote. Nitengenezee chuma kinachojua kulia."

Sengo akafua ndege. Ndege akafumbua jicho. "Nitalia, mama. Nifundishe."

Akamfundisha siku tatu. Sauti zao zikawa moja.

Msiba wa kwanza, ndege alilia, watu wakakaa naye. Msiba wa pili, ndege alilia, watu wakatoa pole mlangoni, wakapita. Msiba wa tatu, ndege alilia kutwa, watu wakapalilia. "Si yupo wa kulia?" Nambiza naye alikuwa akipalilia; msidhani nitamficha.

Kisha mchana mmoja binti yake, Mwamvua, akashikwa na uchungu. Mtoto akakwama, damu ikamwagika. Sengo yuko porini anachoma makaa. Nambiza akasimama mlangoni, mkono mmoja Mwamvua kaung'ang'ania, akapiga yowe.

Kule shambani, Bi Kangwe, mkunga wa kijiji, akainua kichwa. "Nani kafa?"

"Ndege wa Sengo huyo," mwenzake akamjibu. "Palilia, shoga."

Yowe la pili.

"Leo kakolea!"

Yowe la tatu.

Bi Kangwe akacheka. "Sengo ana mkono, jamani. Ungedhani mtu."

Nambiza akamtazama ndege juu ya paa. "Niitie watu!"

"Kuita ninaita, mama. Wamezoea."

"Basi shuka, unishikie mwanangu!"

"Kulia ulinifundisha. Kushika hukunifundisha."

Jua lilipoinama watu wakarudi. Nyumba ya mhunzi kimya. Kimya ndicho kilichowashtua. Wakamkuta Nambiza kando ya Mwamvua na kichanga chake, mama na mtoto wamekwisha kuwa baridi. Bi Kangwe akatupa jembe. Akafungua kinywa alie, sauti haikutoka, alikwisha kusahau kulia. Ndege akalia badala yake, tena vizuri sana.

Ngano yangu imefika kaburini, mimi siteremki nayo. Chombo kikikutua mzigo, kishukuru. Ukikituma kwa jirani badala yako, siku yako nawe utaletewa chombo.

Haya, kuni zimekwisha. Mmoja wenu ainuke, kwa miguu yake.