Bibi Nyamizi na Mtoto wa Mbwa Aliyenyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Mkiitika kivivu hivyo, nyani wataimaliza hadithi kabla yetu. Paukwa!

Pakawa!

Basi hapo kale, kale sana, palikuwa na kijiji chini ya kilima cha mawe. Juu ya kilima waliishi nyani. Chini waliishi watu. Katikati palikuwa na mtama. Watu waliupanda, watu waliupalilia, na nyani waliungoja uive.

Aliyewazuia alikuwa mmoja tu, mbwa jike jina lake Watachoka. Alifugwa na mwanamke aitwaye Kalunde, ambaye shamba lake ndilo lililokuwa la kwanza ukishuka kilimani. Nyani wakishuka, Watachoka anapanda. Bwe! Bwe! Bwe! Nyani wanarudi. Wakishuka tena, anapanda tena. Bwe! Bwe! Bwe!

Lakini mwaka huo Watachoka alikuwa amezeeka. Meno yamelika, mguu mmoja wa nyuma mzito. Akazaa uzao wake wa mwisho, watoto watatu. Nyani wakakaa juu ya mawe, wakatazama. Kalunde naye akawatazama nyani. Alijua wanachokihesabu. Watoto wale wasipokua, mtama wa mwaka ujao si wake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mbwa wa kufukuza nyani alikuwa wa kijiji kizima. Akizaa, kila nyumba ilimpelekea chakula, kama anavyopelekewa mwanamke mzazi. Chakula kilikuwa cha mama. Lakini safari hii maziwa ya Watachoka yalikuwa haba, watu wakaingiwa na huruma, wakaanza kuwalisha watoto wenyewe. Huyu kaleta uji wa ulezi. Yule kaleta samaki mkavu. Masele, shemeji yake Kalunde, akaja na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe.

"Shemeji, wanao wamekonda," akasema. "Au chakula unakula wewe?"

"Nakula mimi, ninenepe, nikukimbize na wewe pamoja na nyani," Kalunde akamjibu.

Wakacheka. Watoto wakanywa. Lap, lap, lap.

Siku ya tatu matumbo yakajibu. Prrruu! Wa kwanza, mwenye madoa, akaharisha mlangoni. Hwaak! Wa pili, mwekundu, akatapika uji juu ya mkeka. Kalunde akafagia hapa, prrruu, pale. Akafagia pale, hwaak, hapa. Akatupa ufagio, akakimbia kumwita Bibi Nyamizi.

Bibi Nyamizi alikuwa mzee mfupi, mwenye fimbo fupi. Alikuwa amelea mbuzi, mbwa na watoto wa watu, na wengine walimwita Mama Choo, maana hakuona kinyaa kuchungulia kilichotoka kwa mnyama. Ukimcheka husema, "Mbwa hawezi kuniambia kinachomuuma. Nitazame wapi tena?"

Akafika. Akachuchumaa. Akachokoa uchafu wa Madoa kwa kijiti, akageuza hivi, akageuza vile.

"Hamna damu," akasema. "Haya, mjukuu wangu, nijibu. Anacheza?"

Kalunde akatazama. Madoa alikuwa amening'inia kwenye pindo la kanga ya Bibi, anaivuta, anaunguruma.

"Anacheza."

"Anakunywa?"

"Anakunywa."

"Akinywa, maji yanakaa tumboni?"

"Yanakaa."

"Basi tulia."

Akamgeukia Mwekundu. Nanyi wasikilizaji msikae bure, mjibuni. Anacheza? Anacheza! Alikuwa anatafuna sikio la ndugu yake. Anakunywa? Anakunywa! Maji yanakaa? Yanakaa! Basi tulia.

"Acheni maziwa ya ng'ombe," akasema Bibi. "Acheni uji, acheni samaki. Wabaki kwa mama yao, na maji safi yawe karibu. Matumbo madogo yameshangaa tu. Kesho nitakuja kuuliza tena. Na wa tatu?"

"Huyo usijisumbue, Bibi," akasema Kalunde, na moyo wake ukapoa kidogo. "Huyo ndiye mtoto wa maana. Tangu jana sijafagia chochote chake. Halii, hasumbui. Kalala tu pale kwenye kona."

Bibi Nyamizi hakumsikiliza hadi mwisho. Fimbo ilikuwa imeanguka, ko! Yeye tayari yuko kwenye kona.

Mtoto wa tatu alikuwa mweusi. Alikuwa amelala ubavu, safi kabisa.

"Mwite," akasema Bibi.

Kalunde akapiga ulimi, kwa kwa kwa. Madoa akaja mbio. Mwekundu akaja mbio. Mweusi hakugeuza hata sikio.

"Anacheza?"

"Hachezi," akasema Kalunde, taratibu.

"Anakunywa?"

Kalunde akatafuta kumbukumbu, hakuipata. "Sijui. Sijamwona."

"Basi inuka! Hapa hatutulii."

Bibi akaivuta ngozi ya shingo ya Madoa, akaiachia. Pwa! Ikarudi mahali pake. Akaivuta ya Mweusi, akaiachia. Ikabaki imesimama kama mkunjo wa nguo. Akaufunua mdomo. Fizi za Madoa zilikuwa nyekundu, zina mate. Za Mweusi zilikuwa zimepauka, kavu, zinanata.

"Maji yamemwishia," akasema.

"Yamwishie vipi, Bibi, na hajaharisha?" Kalunde akauliza. "Mbona hapa pasafi?"

"Mtazame Watachoka."

Kalunde akatazama. Mbwa yule mzee alikuwa amekuja polepole. Akamlamba mwanawe mkiani, akalamba na sakafu, akalamba mpaka pakawa safi. Kalunde akashika mdomo. Kumbe tangu jana mama alikuwa anafagia, na yeye anasifu usafi!

Bibi akachemsha maji, akayaacha yapoe. Akatia asali kidogo na chembe chache za chumvi. Akachovya kitambaa, akakikamua pembeni mwa mdomo wa Mweusi. Tone. Akangoja. Tone. Akangoja.

"Usimmiminie, atapaliwa. Na mweke tumboni kwako, amepoa huyu."

Kalunde akamfunga tumboni kwa kanga. Tone. Jua likapanda. Tone. Jua likasimama kichwani. Masele akaja na kibuyu kingine, akakuta nyumba iko kimya.

"Mwanangu, wewe ulimpa nini huyu mweusi?" Bibi akamuuliza.

Masele akatazama vidole vya miguu yake. "Maziwa, Bibi. Nusu kibuyu. Ndiye niliyempenda."

"Sasa mpende kwa mbali. Nenda ukalete kuni."

Akaenda, bila utani.

"Bibi, atapona?" akauliza Kalunde.

"Sijui. Niliwahi kuwa na mmoja aliyenyamaza hivi. Nikasema ngoja nimalize kupalilia mstari huu. Nikamaliza mstari, mbwa naye akawa amemaliza." Akachovya kitambaa. "Ukiona damu, au tumbo limevimba kama ngoma, au anatapika hata maji, usingoje. Mdogo kama huyu hana akiba. Kuna ukimya wa kupumzika na ukimya wa kuishiwa. Ukitaka kujua ni upi, mwite."

Tone. Jua likaanza kushuka. Kwa kwa kwa, Kalunde akaita. Kimya. Tone. Kwa kwa kwa. Sikio likacheza.

Sikio, wenzangu! Sikio moja, kidogo tu.

Tone. Ulimi ukatoka, ukafuata kitambaa. Kabla jua halijagusa kilima, Mweusi akafumbua macho, akakishika kidole gumba cha Bibi, akakitafuna.

"Ameniuma!" Bibi Nyamizi akapiga kelele kwa furaha. "Kalunde, ameniuma!"

Watatu wote wakakua. Mtama ulipoiva mwaka uliofuata, nyani wakashuka wakijua Watachoka hayupo tena. Bwe! kulia. Bwe! kushoto. Na katikati, pasipo kubweka hata mara moja, akatokea Mweusi. Nyani walipanda kilima wakiangusha hata walichokichuma kwingine.

Mweusi alibaki mkimya maisha yake yote. Akilala sana kivulini, Kalunde huacha jembe na kumwita. Sikio likicheza, anaendelea kulima.

Bibi Nyamizi naye akazeeka, akawa wa kulala mchana. Kila Kalunde alipopita mlangoni alimwita, "Bibi! Unacheza?" Na kutoka ndani, "Nacheza, mjukuu wangu! Tulia!"

Asubuhi moja Kalunde akaita mara tatu.

Kijiji kilimzika kando ya mtama. Hata leo mtu wa kule hakuulizi kama mnyama wako amechafua nyumba. Anakuuliza, anacheza? Anakunywa? Maji yanakaa?

Nanyi mkienda kwenu, msimtazame tu yule anayelia. Mtafuteni na aliyenyamaza kwenye kona, mwiteni, mngoje aitike.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa. Mbele ya hapa ni mtama, na mbwa yumo.